Mauzo ya rojo la mbao nje ya nchi: Tanzania ilinganishwe na ukanda upi?

Mwanafunzi wa Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika moja habari za kazi.

Ninasoma mwaka wa mwisho hapa Moshi na utafiti wangu unahusu biashara ya mazao ya misitu. Msimamizi wangu amenitaka niandike sura moja inayolinganisha mauzo ya nje ya Tanzania ya rojo la mbao, yaani ile malighafi ya karatasi ambayo mafundi wa viwandani huiita palpu, na mauzo ya ukanda wetu kwa ujumla. Nilipoipokea kazi hiyo niliona ni ya siku mbili: natafuta jedwali la Tanzania, natafuta jedwali la ukanda, nagawanya, nachora grafu, nimemaliza. Hii ni wiki ya tatu, na kila ninapozigusa takwimu hizi zinanipa jibu jingine.

Nilianza na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mstari wa Tanzania ukatoka na vilele na mabonde, mwaka huu juu, mwaka unaofuata chini kabisa. Msimamizi akanikumbusha kwamba sisi ni wanachama wa SADC pia, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, kwa hiyo nichore na hiyo. Nikachora. Safari hii mstari wetu ulilala juu ya mhimili wa chini, kiasi kwamba kijana wa steshenari niliyempelekea anichapie aliniuliza kama wino umekata, maana kwenye maelezo ya grafu kulikuwa na rangi mbili na yeye aliiona moja tu.

Ninaomba kusaidiwa katika mambo matatu. Ukanda unaofaa kulinganishia ni upi? Inakuwaje nchi yenye shamba la miti kubwa kama Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo ionekane kana kwamba haina rojo la kuuza? Na nitumie tani au dola? Jedwali moja nililolipata limejumlisha sura nzima ya 47 ya orodha ya forodha, jingine limetaja rojo la mbao peke yake, na tofauti kati ya hayo mawili si ndogo.

Mstaafu wa Viwanda vya Misitu, Moshi

Marahaba, mwanangu. Nitajibu swali lako la kati, kwa sababu hilo ndilo nililoishi nalo kazini; mambo ya grafu nawaachia wenye nayo.

Gogo la msindano hukatwa vipande vidogo, vipande hivyo vikapikwa na dawa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kwa joto na shinikizo, mpaka ile gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi za mti iyeyuke. Kinachobaki ni nyuzi zenyewe, zikielea majini kama uji mwepesi. Kwa upishi huu wa dawa, karibu nusu ya uzito wa mti hupatikana kama nyuzi. Nusu nyingine huondoka na ule mchuzi mweusi ambao kiwanda huuchoma ili kipate mvuke na kuzirudisha dawa zake. Uji ule sasa una njia mbili. Unaweza kusukumwa kwa bomba, ungali mbichi, hadi kwenye mashine ya karatasi iliyo jengo la pili. Au unaweza kukaushwa ukawa mabamba meupe au ya kahawia, mazito kama kadibodi, yakafungwa marobota na kupakiwa kwenda kwa mwenye mashine ya karatasi katika nchi nyingine. Afisa forodha hukutana na ile njia ya pili tu.

Mgololo ilijengwa kwa njia ya kwanza. Kiwanda kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikitegemea misindano ya Sao Hill kule Mufindi, baadaye kikasimama kwa muda, kisha kikabinafsishwa katika miaka ya 2000. Na rojo lake limekuwa kwa ajili ya mashine yake yenyewe. Kinachotoka getini ni karatasi, na siku hizi hasa ile ngumu ya kaki. Ukitaka kuiona misindano ya Mufindi katika takwimu za mauzo ya nje, usiitafute kwenye sura ya 47. Fungua sura ya 48, ya karatasi.

Chukua mfuko wa saruji wa karatasi, au bahasha ya kaki kama mfuko huna. Uchane polepole, kisha utazame ukingo uliochanika kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vinyweleo vinavyofika milimita mbili, tatu: hizo ni nyuzi za msindano, na urefu wake ndio unaoufanya mfuko ubebe kilo 50 bila kupasuka. Nyuzi za mkaratusi ni fupi, karibu milimita moja; hizo huifanya karatasi iwe laini na ipokee wino vizuri. Kwa hiyo hata ndani ya hilo neno moja “rojo” kuna bidhaa ambazo mnunuzi wa moja hawezi kutumia nyingine.

Ukitaka mfano wa njia ya pili, uko Usutu, pale Bhunya nchini Eswatini. Kiwanda kile kilipika misindano kikauza rojo lenyewe kwa marobota, kwa nchi za nje, kwa miaka mingi, mpaka kikafungwa mwaka 2010 baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya mashamba yake. Nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, lakini katika jedwali la rojo ilikuwa juu yetu sana, kwa kuwa walichagua kuuza kile ambacho sisi tulichagua kukipitisha ndani ya bomba.

Mnunuzi wa Maboksi, Arusha

Nakubaliana na mzee, na naongeza jambo la hizo namba, kwa kuwa ninazijaza.

Mimi nanunua maboksi yaliyotumika kutoka soko la Kilombero, Unga Limited na madukani mjini, nayafunga marobota, na mzigo wangu ukivuka Namanga huandikwa chini ya namba 47.07. Tazama sasa orodha inavyokwenda. Namba 47.01 hadi 47.05 ni rojo la mbao la aina mbalimbali: la kusagwa kwa mashine, la kutengenezea nguo, la kupikwa kwa dawa hizi au zile. Namba 47.06 ni rojo lililotokana na karatasi zilizokusanywa au na nyuzi za mimea mingine, na hapo hata katani ikifanywa rojo ndipo inapoingia. Namba 47.07 ni makaratasi na maboksi chakavu. Yote yamo katika sura moja. Kwa hiyo mtu akichukua jumla ya sura ya 47 na kuiita “mauzo ya rojo”, maboksi yangu ya nyanya na biskuti yamehesabiwa kama msitu. Kwa nchi kama Finland kosa hilo halionekani, maana rojo lenyewe ni jingi mno. Kwa nchi za kwetu, ambazo rojo linalouzwa nje ni kidogo, maboksi yanaweza kubadili sura ya jedwali zima.

Kuhusu tani, nikueleze kwa kisa cha mizani. Mtu anayeleta maboksi hulipwa kwa kilo, na wapo wanaoyamwagia maji alfajiri kabla ya kuyaleta. Ukiyapokea kwa pupa umenunua maji. Mimi hupenyeza mkono katikati ya fungu, kwa sababu juu huwa pamekaushwa na jua. Pakiwa baridi, nakata kilo au narudisha. Wauzaji wa rojo duniani wana tatizo hilohilo, ila wamelimaliza kwa makubaliano: tani inayouzwa inahesabiwa kama tani ya rojo lililokauka kwa hewa, asilimia 90 nyuzi na asilimia 10 unyevu, vyovyote robota lilivyo siku ya kupimwa. Uzito wa forodhani lakini ni ule wa mzigo ulivyo. Unapochanganya takwimu za kiwanda na za forodha, kumbuka kwamba tani hizo si lazima ziwe tani zilezile.

Mwanafunzi wa Moshi

Nawashukuru sana, mzee wangu na kaka wa maboksi. Nimerudi kwenye jedwali, nimeondoa 47.07, na mabonde na vilele vya grafu ya kwanza vimepungua kweli. Kumbe nilikuwa nachora biashara ya maboksi. Lakini swali la ukanda bado linanisumbua, kwa sababu msimamizi anataka asilimia.

Mwalimu wa Uchumi, Arusha

Dada, asilimia ni sehemu ikigawanywa kwa jumla, na wewe umeitazama sehemu kwa makini lakini jumla umeipokea kama ilivyo. Tuitazame.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2000, mkataba wake ulipoanza kutumika, ilikuwa nchi 3. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili 2024. Ukichukua “jumla ya EAC” kwa kila mwaka kulingana na uanachama wa mwaka huo, mstari wako unapima diplomasia pamoja na biashara. Chagua orodha moja ya nchi, iandike wazi, na uitumie kwa miaka yote, hata ile ambayo baadhi yao hawakuwa wanachama. Vivyo hivyo kwa SADC, ambayo Afrika Kusini iliingia mwaka 1994: jumla ya kabla ya hapo na ya baada ya hapo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa bidhaa hii. Na COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, usiiguse, tuliiacha mwaka 2000.

Jihadhari pia na majina. Mgawanyo wa kanda unaotumiwa na Umoja wa Mataifa unaziweka Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe katika Afrika Mashariki, pamoja nasi, huku Eswatini ikiwa katika kanda ya Kusini mwa Afrika. Ukipakua takwimu za “Afrika Mashariki” kutoka kwenye hifadhi ya kimataifa ukidhani umepakua Jumuiya yenye makao yake hapa Arusha, umepakua kitu kingine.

Sasa ule mstari uliolala kwenye mhimili. Ndani ya SADC, rojo ni Afrika Kusini. Kiwanda cha Saiccor kilichoko Umkomaas, mkoa wa KwaZulu-Natal, ni miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa duniani vya rojo la kuyeyushwa, ambalo halitengenezi karatasi bali nyuzi za viskosi, yaani kitambaa. Ngodwana, mkoa wa Mpumalanga, nako wanatoa aina hiyo. Richards Bay wanapika mikaratusi na kutoa rojo jeupe la karatasi. Kwa hiyo ukiigawanya Tanzania kwa jumla ya SADC, unaulinganisha mfuko wa saruji wa Mgololo, ambao hata haumo kwenye namba hizo, na kitambaa cha gauni. Ukitenganisha 47.02, ya rojo la nguo, na 47.03, ya rojo la kupikwa kwa magadi au salfeti, utakuwa umetenda haki angalau kwa sehemu.

Na hapa pana mtego ambao nimeona hata taarifa zilizochapwa vizuri zikiuingia. Usutu ilipofungwa mwaka 2010, rojo la Bhunya lilitoka kwenye jumla ya ukanda. Nchi yoyote iliyoendelea kuuza kiasi kilekile ilijikuta sehemu yake katika ukanda imekua, bila kuongeza hata robota moja. Mwandishi mwenye haraka ataandika “ushindani umeimarika”. Kwa hiyo kila unapoonyesha asilimia, weka pembeni kiasi chenyewe kwa tani, ili msomaji aone ni nani aliyepanda na ni nani aliyebaki amesimama wakati jirani ameanguka.

Eswatini ina tatizo jingine la takwimu. Nchi za Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika zilikuwa zikitoa taarifa za biashara kwa pamoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, na Afrika Kusini peke yake inaonekana katika hifadhi ya Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2000. Ukianza mfululizo wako kabla ya mwaka huo huwezi kumtenga nani ni nani. Anzia 2000. Pale ambapo nchi haijatoa taarifa kwa mwaka fulani, soma upande wa pili: takwimu za waagizaji walionunua kutoka kwake. Ila bei ya muuzaji huhesabiwa mzigo ukiwa bandarini kwake, na ya mnunuzi huwa na nauli na bima ndani yake, kwa hiyo dola za pande mbili hazitalingana. Tani zitakaribiana zaidi.

Hilo linanifikisha kwenye tani na dola. Bei ya rojo hupanda na kushuka vibaya sana kufuatana na soko la China na hali ya viwanda vikubwa vya Amerika ya Kusini. Ukitumia dola peke yake, mwaka wa bei nzuri utaonekana kama mwaka wa uzalishaji mzuri. Tumia tani kwa kiasi, dola kwa umuhimu.

Kwa umuhimu, njia inayokubalika ni kielezo alichokipendekeza mchumi Bela Balassa mwaka 1965. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, katika kila shilingi 1,000 za mauzo yote ya nje ya nchi fulani, shilingi 2 zinatokana na rojo, na katika ukanda mzima ni shilingi 8. Gawanya 2 kwa 8, unapata 0.25, chini ya 1 maana yake nchi hiyo haijajikita kwenye bidhaa hiyo kama wenzake. Lakini toa nchi yenyewe kwenye jumla ya ukanda kabla ya kugawanya. Usipoitoa, Afrika Kusini ukiipima na SADC utakuwa umeipima na Afrika Kusini.

Msomaji wa Usa River

Mwalimu ameeleza vizuri, ila mimi nina shaka na kazi yenyewe. Kama bidhaa karibu haiuzwi nje na nchi yetu, na wala haiuzwi nje na jirani zetu wengi, sura nzima ya utafiti inapima nini? Hata Webuye ya Kenya, iliyoanza kazi 1974 na kusimama 2009, ilipika rojo kwa ajili ya karatasi yake yenyewe kama Mgololo. Ningekuwa wewe ningechukua Uruguay na Amerika ya Kusini. Nchi ya watu wasiofika milioni 4, ina viwanda vitatu vikubwa: Fray Bentos kilichoanza 2007, Montes del Plata cha 2014, na cha karibu na Paso de los Toros kilichozinduliwa 2023 chenye uwezo wa tani milioni 2.1 kwa mwaka. Pembeni yake ni Brazil, muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, na Chile. Hapo kulinganisha nchi na ukanda kuna maana.

Mwalimu wa Uchumi, Arusha

Ndugu wa Usa River, mfano wa Uruguay ni mzuri, lakini nao una mlango wa nyuma. Viwanda vile viko katika maeneo huru ya kibiashara. Kwa hesabu ya kawaida ya forodha, gogo linapoingia katika eneo huru huhesabiwa kuwa limeuzwa nje, na rojo linalotoka humo kwenda Ulaya au China halionekani kama mauzo ya nchi. Wanaotaka picha kamili huongeza hesabu ya maeneo huru. Mtu asiyejua atadhani Uruguay inauza magogo.

Na hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane nawe kuhusu Tanzania. Nyuzi za mti hutoka nchini kwa milango zaidi ya mmoja: kama vipande vya mbao, kama Afrika Kusini inavyopeleka Japani kupitia Richards Bay, kama rojo, au kama karatasi. Dada akizijumlisha namba 44.01, 47.01 hadi 47.05, na karatasi ya kaki ya 48.04, nchi baada ya nchi, ataona kila mmoja ametumia mlango gani. Tanzania itaonekana hapo. Katika safu ya rojo peke yake haitaonekana, na si kwa sababu Mufindi hakuna miti.

Mwanafunzi wa Moshi

Mwalimu, nimeelewa, na nadhani msimamizi atakubali. Nitachukua nchi 16 za SADC za leo pamoja na Kenya na Uganda, orodha ileile kuanzia 2000 hadi mwisho. Nitaweka safu tatu, vipande, rojo na karatasi ya kaki, kwa tani. Kisha kielezo cha Balassa kwa dola, Tanzania ikiwa imetolewa kwenye jumla. Kuanzia 2010 nitaandika Usutu kwa maneno chini ya grafu, na 47.07 itabaki nje na maelezo yake. Kaka wa maboksi, nitaomba siku moja nije nione unavyopima.

Mzee, nimechana bahasha ya kaki hapa mezani. Nyuzi nimeziona, ila ni fupi kuliko ulivyosema.

Mnunuzi wa Maboksi, Arusha

Karibu, lakini ufike kabla ya saa mbili asubuhi, ndipo yanapoletwa yale yenye maji.

Mstaafu wa Viwanda vya Misitu, Moshi

Bahasha hiyo huenda imetengenezwa kwa karatasi iliyorejelewa, mwanangu. Kila inapopondwa upya, nyuzi hukatika. Tafuta mfuko wa saruji. Nyumbani nina bamba la rojo kavu la Bhunya nililopewa zamani, la kahawia, bado limenyooka. Njoo na mizani ndogo ya jikoni, tulipime mchana, tulining’inize usiku mmoja barazani wakati huu wa masika, tulipime tena asubuhi.